Daftari la Vyoo Limo Ndani ya Lori Langu

Mpendwa Bi Siti, mshauri wetu,

Naomba msaada, tena naomba kwa haraka, maana nakuandikia juu ya usukani hapa Tunduma, foleni ya forodha haijasogea tangu juzi na mimi ni mtu ambaye nikikaa bila kazi akili inaanza kunila, na kabla sijaeleza shida yangu nakuomba jina langu ulifiche, usiliandike gazetini, ingawa hata ukilificha watu watajua tu, kwa sababu kati ya Mbeya na Kapiri Mposhi hakuna asiyemfahamu dereva aliyepita barabara hii tangu ingali tope tupu, ile wenyewe waliyoiita njia ya jehanamu, wenzangu wanatumbukia korongoni na shaba yao, mimi nafika Dar es Salaam napiga mluzi.

Mimi nimeishia darasa la tatu lakini dunia nimeisoma. Nimelala Ndola, nimekula Kitwe, Lusaka wananiamkia mulishani kabla sijazima injini, na Kiingereza cha kununulia tairi ninacho. Kijijini kwetu, huku Mbozi upande wa Itaka, watu wote waliniita Ndola, hata watoto, na sikukataa. Redio ya kwanza pale niliileta mimi, redio ya betri nne yenye mkanda wa ngozi, na jioni nilizokuwa nyumbani uwanja wangu ulijaa, watu wanasikiliza redio kidogo halafu wananisikiliza mimi zaidi. Wala si mchoyo, Bi Siti, ulizia. Chumvi ilipoadimika nilileta chumvi. Wajawazito watatu nimewapakia mimi mpaka Mbeya, na mmoja alijifungulia kabini kwangu pale Mlowo, mtoto leo anaitwa Fiati, jina la lori hili, na ana meno yote. Nasema haya ili ujue unazungumza na mtu wa namna gani.

Sasa shida yangu ni mke wangu Ketrina, mama Osea.

Miaka miwili iliyopita redio ilipoanza vile vipindi vya Mtu ni Afya, na nchi nzima vikaundwa vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, kikundi cha kwetu kilihitaji redio, na redio ni yangu, nikasema chukueni, nikasafiri. Kikahitaji mtu wa kusoma kitabu na kuandika, na Ketrina amemaliza darasa la saba misheni, nikasema huyo pia chukueni, nikasafiri. Nilikuwa nacheka nikisema hivyo. Nilidhani ninaazimisha.

Kumbe nimegawa. Mwaka jana tulipohamia kijiji kipya na nyumba zikapangwa mstari, habari ikaja kutoka wilayani Vwawa kwamba serikali inataka matibabu yashuke vijijini yasibaki mjini peke yake, lakini mabati na dawa na waganga havitoshi kwa vijiji vyote kwa mara moja, kwa hiyo kijiji kitakachotangulia kusimamisha kuta za zahanati kwa kujitolea, na kila kaya ikawa na choo kinachotumika, ndicho kitakachoezekewa kwanza na kupewa mganga. Sisi zahanati yetu ni ya Itaka, saa nne kwa miguu kama mto haujajaa, na ukijaa ni saa nne pamoja na sala. Basi watu walishika majembe, matofali yakachomwa, mimi mwenyewe nilileta mawe ya msingi safari mbili na lori hili hili, hilo uliweke moyoni maana nitalirudia.

Bwana afya wetu anaitwa Watson, kijana wa Songea, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata nyasi, peni tatu mfukoni, na baiskeli ya serikali ambayo taa yake inawaka. Akaamuru kila kaya ichimbe choo kwa wiki mbili. Vikachimbwa. Akahesabu kaya themanini na mbili, vyoo themanini na mbili, akaitisha mkutano darasani ili atupongeze. Mimi nilikuwa Lusaka. Haya ninayokuandikia nasimuliwa na mwenyekiti wetu Lwitiko, ambaye kila nikirudi ananisimulia upya kana kwamba mwanamke huyo nimemuoa bila kumjua.

Anasema Ketrina alisimama nyuma kabisa kwa wanawake, kajitanda kitenge, uso kaugeuzia ukutani kwa sababu baba yangu alikuwa amekaa mbele, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hakutani naye njiani, akimwona anakuja anaingia shambani mpaka apite. Akasema akiuambia ukuta:

"Bwana afya, ulivyohesabu ni mashimo. Vyoo bado."

"Una maana gani, mama?"

"Kwangu shimo ni moja, na mkwe wangu yupo. Akiingia yeye, mimi nitaingiaje? Nikiingia mimi, yeye ataingiaje? Basi haingii mtu. Choo chetu tumehifadhi mahindi."

"Mahindi?"

"Na cha jirani wametamia kuku."

Watu walicheka mpaka benchi likavunjika, halafu wakanyamaza wote pamoja, maana kila mtu alijua ni kweli na hakuna aliyekuwa amemwambia mgeni. Ketrina akaendelea na ukuta wake, akasema kila boma lenye wakwe lichimbe mashimo mawili, moja juu na moja chini, milango ipeane mgongo na njia zake zisikutane. Watson akatoa peni, ile themanini na mbili akaikata mbele ya mkutano mzima, akaandika kumi na tisa, zile kaya zisizo na wakwe. Akasema, "Mama, nisaidie kuhesabu upya. Mimi wanawake hawataniambia."

Tangu siku hiyo, Bi Siti, mke wangu na Watson wanazunguka nyuma ya nyumba za watu.

Mimi kujua nilijulia hapa hapa Tunduma kwa Zahoro muuza chai, ambaye miaka yote nikitokea ananiita kwa mbali, "Ndola, karibu, leo umetuletea nini?" Safari ile akanitazama kama mtu anayesoma namba ya gari.

"Kumbe wewe ndiye mume wa Mama Vyoo?"

"Mume wa nani?"

"Mama Vyoo wa upande wa Itaka! Bwana afya alikuwa hapa, habari yake ni moja tu, yule mama ana kichwa, yule mama angekuwa mwanamume angekuwa mkuu wa wilaya. Kaa bwana, chai yako leo bure, kwa heshima yake."

Chai ile niliilipia. Tena sikuinywa.

Nikaendesha mpaka nyumbani bila kupiga honi hata mara moja, nikafika mchana, nikapita kwa nyuma ili nione nitakachoona, na nikakiona. Nyuma ya nyumba ya baba yangu, Ketrina ameshika ncha moja ya kamba na Watson ameshika ncha ya pili, Watson anasema, "Vuta kidogo, mama Osea," na mke wangu anacheka. Kile kicheko nakijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikinunulia kitenge cha Kongo na nikakisikia mara mbili tu. Moyo ukachemka kama rejeta iliyotoboka.

Nikaita, "Mama Osea! Njoo hapa sasa hivi!"

"Nakuja, baba Osea, ngoja nizungukie huku chini."

"Hakuna kuzunguka! Pita hapo hapo!"

Hapo hapo ni uwanja wa mbele wa baba yangu. Akasita. Nikarudia kwa sauti ile ninayomwitia turniboi, utingo wangu, gari likiwa mteremkoni. Akapita. Na mzee alikuwa kizingitini anapukuchua mahindi, akainua kichwa, wakaonana uso kwa uso, jambo ambalo halijatokea tangu nimuoe, miaka tisa. Mzee akajifunika uso kwa kofia. Ketrina akaanguka magotini, akajifunika kichwa chote kwa kitenge. Mimi nikabaki katikati yao kama gari lililokatika ekseli. Watson aliweka kamba chini polepole, akaondoka anaisukuma baiskeli, hakuipanda.

Baadaye mzee aliniambia maneno machache na hajaniongezea mengine mpaka leo. "Yule mgeni alikuwa anapima ili mkamwana wangu asipite mbele yangu. Wewe niliyekuzaa umemleta mpaka mlangoni."

Mtu mwingine angepaki hapo. Mimi nikaongeza gia.

Maana wiki hiyo hiyo barua ikaja, kamati ya maendeleo ya wilaya itakaa Vwawa Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao kuamua kijiji kipi kianze kupewa, kila kijiji kilete wajumbe watatu na maelezo yaliyoandikwa. Kijiji kikamchagua Lwitiko, kikamchagua Priska mkunga, kikamchagua Ketrina, kwa sababu Ketrina ndiye mwenye daftari la vyoo. Kikao ni siku mbili. Nikasema mke wangu halali Vwawa.

Akasema, "Mimi na Priska tunalala kwa dada yake, na mwenyekiti analala kwa shemeji yake."

Nikasema hata mkilala kanisani.

Akasema, "Baba Osea, mbona wewe unalala Ndola?"

Mimi nikikosa jibu mikono ndiyo inajibu, la hasha, usinielewe vibaya, kumpiga sijampiga na sitampiga, ninachosema ni kwamba alfajiri nilitoa betri zote nne kwenye redio nikazitia mfukoni, nikachukua na daftari mezani, nikalisukuma chini ya kiti cha lori, nikawasha.

Na hapa foleni nimelisoma lote. Lina kaya zote, shimo la juu, shimo la chini, nani ameugua nini mwaka huu, nani amebebwa kwa machela mpaka Itaka na amerudije. Nilikuwa natafuta kosa. Jina la Watson nimelikuta mara moja tu, "kamba ya Bwana Watson irudishwe." Nikatafuta langu, nikatafuta yale mawe ya msingi safari mbili, yameandikwa "mawe yamefika", yamefika na miguu yao labda! Mimi nimeandikwa mahali pamoja, tena bila jina, kwenye ukurasa wa waliofia njiani: "Tumpe, miaka miwili, kuharisha, amefia mtoni kabla ya Itaka mgongoni kwa mama, baba yuko safari." Huyo ni binti yetu wa pili, miaka minne sasa tangu tumzike, mambo ya Mungu. Lakini ilikuwa lazima aandike vile, baba yuko safari, wajumbe wa wilaya wasome, kila mtu asome? Safari ndiyo kazi yangu, mimi ningefanya nini?

Sasa niambie ukweli, Bi Siti, usinibembeleze. Nimshtaki Watson kwa wakubwa wake ahamishwe? Nimkataze mke wangu vikao vyote? Au nioe mwingine hapa Tunduma, asiyejua kusoma, tukae kwa raha? Kikao kimebaki wiki tatu. Lwitiko ametuma ujumbe kwa madereva kwamba daftari limepotea, atakayeliona alipeleke. Nimewaambia sijaliona. Naishia hapa, gari la mbele limewasha.

Ni mimi,
Dereva wa Njia Ndefu, Tunduma.

*

Ndugu Dereva,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La mkeo, la mwenyekiti, la bwana afya, la muuza chai na hata la mtoto aliyezaliwa kabini umeyaandika mwenyewe, kwa hiyo Tunduma wakikuamkia kwa kicheko usinitafute mimi. Ningeweza kuyafuta. Nimeyaacha kwa sababu alichokifanya Ketrina si kitu cha kufichwa.

Barua yako imekaa njiani siku kumi na moja. Nimeipitisha mbele ya barua za waliotangulia, nao wanisamehe. Wao wana mapenzi, na mapenzi huweza kungoja wiki. Wewe umekalia zahanati ya kaya themanini na mbili. Gazeti hili likikufikia utakuwa umebakiwa na siku sita au saba, kwa hiyo soma ukiwa umesimama.

Nianze na haki yako. Una moyo mkubwa, nimeuona. Mtu anayebeba wajawazito wa watu mpaka Mbeya bila kuulizwa si mtu mbaya, na kusema kweli nilipofika kwa Fiati mwenye meno yote nilicheka peke yangu ofisini mpaka wakanigongea mlango. Ndiyo maana nakukasirikia. Mtu mbaya nisingempotezea wino.

Unasema una wivu na Watson. Nimetafuta kosa la kijana huyo kama wewe ulivyolitafuta daftarini, nami nimepata kamba tu. Umeandika juu ya pasi yake mstari mmoja. Juu ya chai ya Zahoro na mawe yako ya msingi umejaza ukurasa. Baba, wivu wako hauko kwa bwana afya. Uko kwa Ketrina. Ulizoea uwanja ujae watu wa kukusikiliza wewe. Sasa uwanja unajaa wewe ukiwa Lusaka, na ukirudi unaambiwa habari za nyumbani kwako na mwenyekiti. Ulikuwa Ndola, umeamka umekuwa mume wa mtu. Inauma, sikukatalii. Lakini hebu hesabu: miaka tisa yeye ameitwa mke wa Ndola, na hata siku moja hajatoa betri kwenye lori lako.

Kicheko kile cha nyuma ya nyumba kimekuchoma. Mimi nakuuliza, wewe ulimwuliza anacheka nini? Mwanamke aliyekuwa anajisaidia shambani alfajiri kwa kuogopa kukutana na mkwe, leo anapimiwa mahali pake mwenyewe, penye mlango. Hata mimi ningecheka. Kwetu pwani miko yetu ni mingine, lakini aibu ni aibu popote. Yeye alisema maneno mazito mbele ya mkutano akiwa amegeukia ukuta, ili asimvunjie baba yako heshima. Watson, mtu wa mbali, alishika kamba ili asiivunje. Wewe mwenye mila yako uliivunja kwa sentensi moja, kwa sababu hukutaka mkeo azunguke hatua ishirini. Mzee hakukosea hata neno.

Sasa lile ulilolipita mbio. Umeandika mambo ya Mungu, ukakimbilia kulalamika. Mimi siwezi kukimbia. Mtoto wa miaka miwili amefia mgongoni kwa mama yake, kando ya mto, saa nne kutoka nyumbani, na mama huyo akageuka akarudi naye peke yake njia ile ile. Halafu redio yako ikamwambia kwamba ugonjwa ule unaweza kuzuiwa, na serikali ikasema zahanati inaweza kuja mpaka mlangoni. Ulidhani anazunguka nyuma ya nyumba za watu kwa ajili ya nani? Kila shimo alilopima anaanzia pale mtoni.

Na hayo maneno uliyoyaona kuwa ni shtaka, yasome tena bila hasira. Angeweza kuandika kwamba baba hakuwepo. Angeweza kuacha bila kuandika kitu, kila mtu akajiuliza mwanamume wa nyumba hii alikuwa wapi. Ameandika ulikokuwa. Hapo amekutetea mbele ya wilaya nzima, na wewe ukalitupa daftari lake chini ya kiti pamoja na spana.

Watson usimguse. Kijana anayekata hesabu yake mwenyewe mbele ya mkutano na kuandika iliyo ndogo, mtakaa miaka mkimtafuta mwingine. Kuhusu kuoa hapo Tunduma: mke asiyejua kusoma utampata, lakini atakuwa na masikio, na Zahoro ana mdomo.

Utafanya hivi. Rudi nyumbani safari hii, mizigo ya tajiri wako ichelewe siku moja, mbona barabara ya tope ilikuchelewesha wiki. Kabla hujaingia kwako, mtumie baba yako jogoo na maneno ya kuomba radhi, kwa mkono wa mama yako au wa yeyote anayestahili kwa mila yenu, na usiende mwenyewe ukaanza kumsimulia Lusaka. Betri nne ununue mpya. Za mfukoni zimekwisha kama ulivyokwisha wewe.

Daftari ulipeleke mkononi mwa Ketrina, Lwitiko na Priska wakiwepo, useme, "Nililichukua mimi." Maneno mawili. Usiongeze la tatu, najua itakuuma kuliko kupakia shaba. Usiseme uliliokota, usiseme ni turniboi aliyelichukua. Kijiji kimelitafuta, kina haki ya kujua lilikuwa wapi, na watu wa kwenu watakucheka wiki mbili halafu watachoka.

Halafu siku ya kikao uwapakie wote watatu kabini uwapeleke Vwawa. Priska akae dirishani, ni mtu mzima. Ukifika kaa nje. Kama kamati itauliza mgonjwa anatokaje kijijini kufika Itaka wakati wa masika, hapo Ketrina akikuita uingie, useme unachokijua: mto uko wapi, unajaa mwezi gani, lori linapita lini na lini halipiti, umebeba wangapi na wangapi hukuwawahi. Hakuna mtu wilaya nzima anayeijua njia ile kama wewe, na kwa mara ya kwanza kujisifu kwako kutakuwa ushahidi. Akikuita. Asipokuita, linda gari.

Kabla ya safari hiyo kuna kazi moja imebaki, nayo ni ndogo kuliko zote. Fungua ukurasa ule wa Tumpe. Usifute kitu. Chini ya mstari wake patakuwa na nafasi, madaftari yetu yote yana nafasi. Chukua kalamu, kwa mwandiko wako huo huo wa darasa la tatu, uandike: Baba amerudi. Mpe mama yake asome.

Akinyamaza, usimharakishe. Akisema twende, washa gari.

Bi Siti